Waliomsikia Mathayo

Sehemu ya Saba

Wiki nzima, msomaji, wewe umelala kitandani kwako, na Kristina amebaki chini ya kisima, miguu imezama kwenye tope, jiwe mkononi, sikio ukutani.

Bado yuko hapo hapo.

Ukuta wa udongo ulikuwa umegongwa kutoka upande wa pili. Mara tatu, kimya, mara mbili. Naye Kristina, kabla hajafikiri, alikuwa amejibu kwa jiwe lake: tatu, kimya, mbili.

Sasa akangoja.

Pigo moja zito. Kisha mlio wa chuma kikianguka kwenye maji. Kisha hapakuwa na kitu tena, ila pumzi yake mwenyewe.

"Mathayo?" aliita.

Alama ile ilikuwa ya Mathayo. Mchimba visima yule, mume wake, aliitumia kuwaambia walioko juu: vuteni. Na Mathayo alifukiwa humu humu mwaka wa 1943, ukuta ulipoporomoka akiwa chini. Mwili wake haukutolewa. Maji yalichipuka juu ya kifusi, maji safi, na kwa miaka sita vijiji viwili vimekunywa maji hayo: Kisonga ya Wanyaturu, upande wa juu, na Ndwati ya Wanyiramba, ng'ambo ya mbuga.

"Mathayo, ni wewe?"

Tone la maji lilimdondokea shingoni. Kristina alipiga kelele.

"Nivuteni! Nivuteni!"

Walimvuta. Pima nane za kamba ya ngozi, na alipotokeza juani, Damari jirani yake alimshika kwapa akamlaza chini kama mtoto. Ilikuwa saa nne asubuhi. Watu wa zamu ya Kisonga walikuwa wamejipanga na madebe yao matupu.

"Umeona nini? Maji yanapotelea wapi?" Damari aliuliza.

"Sijaona. Nimesikia. Anagonga."

"Nani?"

"Mathayo anagonga."

Madebe mawili yalianguka. Mwanamke mmoja alijifunika uso kwa kaniki. Nyuma ya watu, Magdalena, mama mzazi wa Mathayo, alikaa chini polepole, mkono wake ukiwa umemshika Klara, binti wa Kristina, aliyekuwa na miaka sita.

Jumbe Nathanaeli ndiye aliyesogea. Alikuwa mzee mrefu aliyevaa koti la serikali hata siku za joto. Watu walidhani atamkemea Kristina kwa kuwatisha watu. Hakumkemea. Aliuliza kwa sauti ya chini:

"Upande gani?"

"Jumbe?"

"Amegonga upande gani? Wa kwetu au wa Ndwati?"

Kristina alimtazama. Mtu anaambiwa kwamba maiti anagonga, naye anauliza upande?

"Wa Ndwati," alijibu.

Uso wa Nathanaeli ulibadilika rangi. Aligeuka akawapigia vijana makofi.

"Leteni mawe. Kisima hiki kinafungwa leo."

Kelele ziliinuka. Kinafungwaje? Hakukuwa na maji mengine mpaka kwenye barabara ya Ilongero, mwendo wa nusu siku. Tangu mvua zilipokoma, kina cha maji kilikuwa kimeshuka kila wiki, na Kisonga waliwalaumu Ndwati, na Ndwati waliwalaumu Kisonga. Wiki mbili zilizopita watu walipigana kwa fimbo hapo hapo kisimani. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alituma neno: Jumamosi atakuja mwenyewe, na akikuta damu, kisima kitazungushiwa seng'enge kiwe cha serikali.

"Jumbe, Jumamosi ni keshokutwa," mtu mmoja alisema. "Tutamwonyesha nini?"

"Tutamwonyesha kaburi," Nathanaeli alisema. "Leteni mawe."

Kristina alisimama. Yeye ndiye mlinzi wa kisima. Vijiji vyote viwili vilimchagua, kwa sababu alizaliwa Ndwati na kuolewa Kisonga, na kila kijiji kiliona ni wake. Yeye ndiye aliyeshika zamu: asubuhi Kisonga, mchana Ndwati. Yeye ndiye aliyekagua kwamba hakuna mtu anayechimba kisima kingine karibu, maana mkondo wa chini ni mmoja, na anayeutoboa huku anaukausha kule.

Mtu haishi chini ya ardhi miaka sita. Hilo alilijua. Lakini pia alijua jambo jingine, na ndilo lililomfanya aanze kutembea, tope likimkaukia miguuni, bila kuaga.

Wengi waliisikia alama ya tatu na mbili wakiwa juu; kuigonga chini ya ardhi Mathayo alimfundisha mtu mmoja tu. Mwanafunzi wake. Filipo, mdogo wake Kristina, wa Ndwati.

*

Luciana, mke wa Filipo, alikuwa anasaga uwele mlangoni. Alipomwona Kristina aliacha kusaga, akasimama katikati ya mlango.

"Wifi, usiingie. Ana homa."

"Homa imeanza lini?"

"Asubuhi hii."

"Saa ngapi?"

Luciana alitazama chini. Kristina alimsogeza kwa bega akaingia.

Filipo alikuwa amejikunja pembeni mwa chumba chini ya blanketi mbili, ingawa nje jua lilikuwa linachoma. Meno yalikuwa yakigongana. Kristina aliinua blanketi. Masikioni, kwenye kope, chini ya kucha, kila mahali alikuwa na udongo mweupe. Udongo ule haupatikani juu ya ardhi. Unapatikana pima saba kwenda chini, pale maji yanapoanza.

"Filipo."

"Amenijibu, dada," Filipo alisema. Macho yake hayakumtazama. "Nimegonga akanijibu."

"Nani amekujibu?"

"Shemeji Mathayo. Nimegonga vuteni, akanigongea vuteni. Ameniambia nimvute."

Kristina alikaa chini. Kwanza alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Kisha machozi yalianza kumtoka, na hakuyafuta.

"Ni mimi, Filipo. Nilikuwa chini ya kisima. Ni mimi niliyekujibu."

Filipo aligeuza kichwa. Alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kusoma barua kwenye giza.

"Wewe?"

"Mimi, kwa jiwe."

Wangeweza kukumbatiana hapo. Wangeweza kucheka pamoja na kumwita Luciana alete uji. Kristina alikuwa ametembea njia nzima akiogopa kwamba Mathayo yupo chini anamwita. Sasa alijua kwamba hayupo, na jambo hilo lilimuuma kuliko woga wenyewe. Lakini alikuwa mlinzi wa kisima, na udongo mweupe ulikuwa mbele ya macho yake.

"Mnachimba," alisema.

Filipo alificha mikono chini ya blanketi.

"Mnachimba chini kwa chini mpaka kisimani kwetu. Ndiyo maana maji yanashuka."

"Zamu yetu ni mchana, dada. Wewe mwenyewe unaona. Kisonga wanachota tangu alfajiri, sisi tukifika tunakuta tope. Kisima hakijajaa tena. Mzee Laurian alisema tukifuata mkondo kutoka zizini kwake, tutapata yetu bila kugombana na mtu. Miezi mitatu tunachimba. Hatua sitini. Wanawake wanamwaga udongo mashambani."

"Wewe uliyefundishwa na Mathayo! Yeye aliyesema mkondo hauibiwi!"

"Ndiyo."

"Mapatano mliyaapa!"

"Ndiyo, dada."

Kristina alinyanyuka. Alikuwa amefika mlangoni alipokumbuka jambo, akageuka.

"Filipo. Mtu akigonga ukuta na akajibiwa, atadhani kuna mtu wa kawaida upande wa pili. Wewe ulijua kisima kipo pale. Kwa nini ulifikiri ni Mathayo?"

Luciana, kule nje, aliacha kusaga tena.

"Kwa sababu jana tulimkuta," Filipo alisema.

Kristina alishika mwimo wa mlango.

"Tulitoboa tukaingia kwenye tundu. Yumo ndani. Amekaa. Ni mifupa na mkanda wake." Alivuta blanketi mpaka kidevuni. "Hayuko chini ya kifusi, dada. Yuko hatua kumi mbali na kifusi, upande wetu."

"Hatua kumi? Nani alimpeleka hatua kumi?"

"Alizichimba."

"Mtu aliyefukiwa hachimbi!"

"Hapana," Filipo alisema. "Hachimbi."

Kristina alikuwa ameshaelewa, lakini alitaka mtu mwingine alitamke, ili lisiwe limetoka kichwani mwake.

"Alikuwa hai," Filipo alisema. "Ukuta ulimpita, akabaki kwenye pango la pembeni. Siku tatu alikuwa hai. Alikuwa anagonga."

"Umejuaje siku tatu?"

Filipo alijifunika blanketi mpaka kichwani, na kutoka humo ndani, kama mtoto, alijibu:

"Tulimsikia."

*

Zizi la Mzee Laurian lilikuwa upande huu wa mbuga, hatua sitini kutoka kisimani, nyuma ya ua wa miiba. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa mbele ya ngozi za ng'ombe zilizotandikwa juu ya shimo. Alipomwona Kristina anakuja, na Filipo nyuma yake anayumba kama mlevi, alijua.

"Shikamoo, baba," Kristina alisema. Hata siku ile, hata kwa hasira ile, hakuweza kumpita mzee bila salamu.

"Marahaba, mwanangu. Usishuke."

"Nitashuka."

"Si mahali pa mwanamke."

"Asubuhi nimeshuka pima nane, baba, wanaume wakiniangalia. Ondoa ngozi."

Laurian alikaa kidogo, kisha aliziondoa ngozi kwa mikono yake mwenyewe.

Filipo alitangulia na koroboi. Njia ya chini ilikuwa nyembamba. Kristina alitambaa kwa magoti na viganja. Maji yalimpita mikononi yakielekea nyuma, kuelekea Ndwati, baridi na mengi. Hayo ndiyo yaliyokuwa yanakosekana kwenye madebe ya Kisonga. Aliyapita akaendelea.

Mwisho wa njia Filipo alijibana ukutani ampishe.

"Mimi siingii tena," alisema.

Kristina alichukua koroboi akaingia.

Mathayo alikuwa amekaa, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha, kama mtu aliyepumzika kabla ya kumalizia kazi. Sururu yake fupi ilikuwa imevunjika mpini. Mbele yake ukuta ulikuwa na mikwaruzo ya chuma, na pale chuma kilipokoma ilianza mikwaruzo mingine, myembamba, minne minne.

Kristina aliweka vidole vyake vinne kwenye mikwaruzo ile. Vilienea.

"Ulikuwa unakuja kwetu," alimwambia. "Ulikuwa unakuja kwa mama yangu."

Alivua kaniki yake ya juu akaitandika. Alimwokota kidogo kidogo, bila haraka, akimwambia kila anachogusa. Huu mkono. Huu mkanda nilikununulia Shelui, unakumbuka, ulikataa kuuvaa mpaka Krismasi.

Alikuwa anafunga fundo la mwisho pale kishindo kilipotikisa pango zima.

Udongo ulidondoka. Kishindo kingine. Upande wa pili wa ukuta, kisimani, mawe yalikuwa yanaanguka.

"Dada!" Filipo aliita kutoka kwenye njia. "Wanafunga kisima! Maji yatageukia huku! Toka!"

Ilikuwa kweli. Maji yaliyokuwa kwenye vifundo yalikuwa yamefika kwenye mashavu ya miguu. Kristina alitazama njia ya kurudi, hatua sitini za kutambaa na mzigo ule mkononi. Kisha alitazama mbele, mwisho wa hatua kumi alizochimba Mathayo, palipokuwa na ukuta wa kisima. Filipo alikuwa ameubakiza unene wa mkono tu asubuhi ile, kabla hajatupa sururu na kukimbia. Sururu ilikuwa hapo, majini.

"Pitia nyuma!" alimwambia Filipo. "Waite Ndwati wote waje kisimani! Na mzee wenu aje!"

Aliokota sururu akapiga.

Juu, Kisonga walisikia. Vijana walikuwa wamenyanyua jiwe kubwa kwa pamoja, na ardhi chini yao iligongwa kutoka ndani. Mara ya kwanza walisimama. Mara ya pili walilitua jiwe. Mara ya tatu walikimbia, wote, mpaka kwenye mashamba ya mtama.

Alibaki Damari. Alitambaa mpaka ukingoni akachungulia.

Ukuta wa chini ulipasuka. Mkono mweupe ulitoka. Kisha kichwa cheupe. Kisha mwanamke mzima, mweupe kwa udongo tangu nywele mpaka kiunoni, amekumbatia kifurushi cheusi kifuani.

Huyu ndiye aliyeondoka mbele ya macho yao kwa miguu kuelekea Ndwati!

"Bwana Yesu," Damari alisema.

"Damari," ilisema sauti kutoka chini. "Teremsha kamba. Mvute yeye kwanza."

*

Saa tisa mchana vijiji vyote viwili vilikuwa kisimani. Kisonga upande mmoja, Ndwati upande mwingine, na fimbo mikononi. Katikati, juu ya ngozi safi, kilikuwa kifurushi cha kaniki, na Kristina amesimama nyuma yake.

Hakuosha uso. Watu walishindwa kumtazama.

"Nimemleta Mathayo," alisema. "Hakufa siku ile ya kuporomoka. Alikaa siku tatu anachimba na kugonga. Nimeona alama za vidole vyake. Nataka kujua nani alimsikia."

Vumbi lilipita.

"Mimi nilimsikia," Filipo alisema.

"Na mimi," alisema Mzee Laurian, na fimbo yake ilianguka.

Nathanaeli alivua kofia. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee kweli.

"Na mimi. Nilikuwa hapa tangu siku ya kwanza. Nilitaka tumchimbue. Tulianza. Lakini siku ya pili maji yalichipuka kwenye kifusi. Maji, Kristina! Mwaka ule kiu ilituua, tulizika watu tisa kwa wiki moja. Kumtoa ilikuwa lazima tutoe kifusi chote, na wachimbaji walisema ukuta uliobaki utakuja na mkondo utapotea. Laurian alikuja kwa ajili ya Ndwati, mimi kwa Kisonga. Tulikaa hapa tukimsikiliza. Tukawaambia watu mlio ule ni ardhi inatulia."

"Mliamua ninyi wawili."

"Hapana."

"Ninyi wawili mlikaa juu ya mume wangu mkaamua!"

"Hapana, Kristina." Nathanaeli aliikunja kofia yake mkononi. "Mtu ana wenyewe. Hatukuweza kuamua peke yetu. Tulikwenda kumuuliza mwenyewe."

"Mwenyewe nani? Mimi nilikuwa ndani, siku ya kumi na mbili tangu nijifungue! Hakuna aliyekuja kwangu!"

Nathanaeli aligeuza macho tu, na watu wote wakageuka naye.

Magdalena alikuwa amesimama peke yake karibu na gogo la kuvutia kamba. Watu walikuwa wamemwachia nafasi bila kujua.

"Walikuja kwangu," alisema.

"Mama?"

"Walikuja kwangu siku ya tatu asubuhi. Wakaniambia, mama, mwanao yuko hai, tukimtoa tunapoteza maji. Sema wewe. Nikaja hapa nikalala kifudifudi, nikaweka sikio. Nikamsikia." Alizungumza bila kulia, kama mtu aliyekwisha kulia mahali pengine kwa miaka mingi. "Maziwa yako yalikuwa yamekauka, Kristina. Klara alikuwa ameacha kulia. Mtoto akiacha kulia kwa kiu unajua imebaki nini. Nilikuwa nimemwacha nyumbani anafungua mdomo hivi, hakuna sauti. Hapa chini mwanangu anagonga. Kule nyumbani mwana wa mwanangu hana sauti."

Alipangusa mikono kwenye nguo yake.

"Nikasema waache. Nikajaza kibuyu, nikaja nikamnywesha Klara kwa kidole. Wewe ulikuwa umelala. Jioni alilia. Nami sikurudi tena hapa kusikiliza."

Kristina alimtafuta Klara kwa macho. Mtoto alikuwa nyuma ya Damari, mzima, miguu ina vumbi, anajikuna shavu. Alimtazama kwa muda mrefu. Kisha alimtazama Damari.

"Na wewe ulijua?"

Damari aliinamisha uso.

Kristina aliwapitia mmoja mmoja. Mwanamke aliyemkopesha chumvi juzi. Mwanamume aliyemjengea ghala. Wanawake wa Ndwati waliocheza naye utotoni. Kila aliyekuwa mtu mzima mwaka ule aliangalia miguu yake mwenyewe. Sasa alielewa kwa nini walimchagua kuwa mlinzi, kwa nini kwa miaka sita hakuna aliyemkatalia jambo, kwa nini debe lake halikuwahi kungoja zamu.

Vijana wa Ndwati walianza kunong'ona. Mmoja wa Kisonga alimjibu kwa tusi. Fimbo zilinyanyuka kidogo, kana kwamba watu walitamani sana kupigana, ili lile jambo jingine liishe.

"Wekeni fimbo chini!" Kristina alisema.

Waliziweka.

"Bado mimi ni mlinzi. Kisima hakifungwi. Mawe mliyotupa mtayatoa leo. Njia ya Ndwati itazibwa leo kwa udongo mweupe, na Filipo ndiye atakayeiziba, anajua inavyozibwa. Na zamu ya asubuhi na mchana imekwisha. Siku nzima ya Kisonga, siku nzima ya Ndwati, ili kila mmoja akute kisima kimejaa. Jumamosi Bwana Shauri ataambiwa hivyo, kwa kinywa kimoja."

Laurian aliitikia kwa kichwa. Nathanaeli aliitikia.

"Lakini kabla njia haijazibwa," Kristina alisema, na sauti yake ilishuka, "kila aliyemsikia atashuka. Atapita palipopasuka, ataingia mpaka mahali Mathayo alipokuwa amekaa. Ataweka vidole vyake ukutani pale alipoweka vyake. Kisha atapanda, ndipo atakunywa. Asiyeshuka atafute maji Ilongero."

Watu walitazamana. Wanaume wenye miili mikubwa walirudi nyuma hatua moja.

Aliyesogea alikuwa Magdalena.

Alichukua ncha ya kamba akaifunga kiunoni, fundo la wachimbaji, bila kumwomba mtu msaada. Vijana wanne walikuja kushika upande wa pili. Aliwatikisia kichwa.

"Si ninyi." Alimtazama mkwewe. "Wewe."

"Mama, peke yangu siwezi..."

"Mimi si mzito siku hizi."

Alikaa ukingoni, akageuka, akajiachia. Kristina alirukia kamba. Ngozi ilimkwaruza viganja, akakanyaga gogo kwa mguu mmoja, akaegemea nyuma kwa nguvu zake zote, akaanza kumteremsha. Pima moja. Pima mbili. Kichwa cha kijivu kilizama kwenye kivuli. Pima tatu. Pima nne. Hakuna mtu aliyesogea kusaidia, maana hakuna aliyejua kama ana haki ya kuigusa kamba ile.

Pima ya tano, sauti ilipanda kutoka chini, tulivu kabisa, sauti ya mama anayemwambia mkwe jambo dogo la jikoni.

"Kristina. Kama unataka kuachia, mwanangu, achia hapa. Sitakulaumu."

Kristina alihisi kidole kimoja kinajikunjua chenyewe.